Kwa Jina la Mordekai

Masomo: Esta 2:19–23 na 6:1–3, 2 Samweli 24:18–25, Luka 10:1–9



Mwezi huu sitaandika habari za michango wala za paa la kanisa, ingawa yote mawili yangali yanatungoja. Nataka tutazame jambo ambalo wengi wetu hatujapata kulisikia likihubiriwa. Wimbo, kitabu, hotuba au picha iliyotoka katika akili ya mtu, ni mali ya nani? Serikali huliita jambo hili hakimiliki. Pengine mtasema hayo ni mambo ya mawakili wa mjini. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka jambo lilipotokea hapa hapa mtaani kwetu, nami nikaonekana kuwa mwenye hatia wa kwanza. Habari hiyo nitawaeleza mbele kidogo. Tuanze na Neno la Mungu.

Mnakumbuka habari za Mordekai, aliyekuwa akiketi langoni pa mfalme Ahasuero. Siku moja akapata habari ya shauri baya: watumishi wawili wa nyumba ya mfalme walikuwa wamekusudia kumwua bwana wao. Mordekai akampasha habari malkia Esta, naye Esta akaenda kwa mfalme. Sasa angalieni vizuri. Esta angaliweza kusema, "Ee mfalme, mimi nimegundua jambo." Nani angalimjua? Mordekai alikuwa nje langoni, Esta alikuwa ndani. Sifa yote ingalikuwa yake, na mfalme angalizidi kumpenda. Lakini Maandiko yatuambia kwamba Esta alimwambia mfalme habari ile kwa jina la Mordekai. Likaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za ufalme, na jina la Mordekai likaandikwa pamoja nalo.

Siku zikapita. Mordekai hakupewa kitu. Ndipo ukaja usiku ule ambao mfalme alikosa usingizi, akaagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu, akasikia jina la Mordekai, akauliza ni heshima gani aliyotendewa mtu huyu. Wakamjibu, hakuna. Tangu usiku ule mambo yakaanza kugeuka. Hamani, aliyekuwa amekwisha kumtengenezea Mordekai mti wa kumtundika, akaanguka, na taifa zima likaokoka. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walipoyatafakari hayo walifundisha kwamba mtu anayelitaja neno pamoja na jina la mwenye neno huuletea ulimwengu ukombozi, na ushahidi wao ulikuwa huyu huyu Esta. Kama Esta angalilificha jina, mfalme angalisoma nini usiku ule?

Basi, kutaja jina la aliyefanya kazi si adabu tu ya wasomi. Ni haki, na ni jambo la kale kuliko sheria zote za siku hizi.

Kanisa nalo lina habari yake ya kale juu ya jambo hili. Katika nchi ya Ireland, karne ya 6, alikuwako mtawa jina lake Columba. Simulizi ya nchi ile, iliyoandikwa kwa urefu mwaka 1532 katika kitabu cha maisha yake, yasema kwamba Columba aliazima Zaburi ya mwalimu wake Finnian. Siku zile hapakuwa na mashini za kupiga chapa. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, juu ya ngozi, kwa muda wa miezi mingi. Columba akajifungia kanisani usiku baada ya usiku, akanakili Zaburi yote kwa siri. Finnian alipojua, akadai apewe ile nakala. Columba akakataa. Akasema kwamba kitabu cha mwalimu hakikupungua hata herufi moja kwa kunakiliwa, na tena haifai maneno ya Mungu kufichwa.

Wakaenda mbele ya mfalme Diarmait, huko Tara. Mfalme akaamua kwa mfano ambao mfugaji yeyote wa kwetu angeuelewa mara moja: ndama humfuata ng'ombe aliyemzaa, na nakala humfuata kitabu ilikotoka. Columba akashindwa, akakasirika mno. Simulizi yasema hasira ile ilichangia vita vya Cúl Dreimhne, yapata mwaka 561, na kwamba watu elfu tatu walikufa. Mwaka 563 Columba akaiacha nchi yake, akavuka bahari hadi kisiwa cha Iona, na kutoka huko watu wengi wa Scotland wakaipata Injili. Wataalamu wa historia hawakubali kila neno la simulizi hiyo. Lakini iko Zaburi moja ya kale sana inayohusishwa nayo, imebaki kurasa 58, nayo imehifadhiwa Dublin hata leo.

Ndugu zangu, katika kesi ile nani alikuwa na haki? Columba alisema kweli kwamba Neno la Mungu ni la watu wote. Finnian alisema kweli kwamba kitabu kilikuwa chake. Mmoja aliminya mkono wake, mwingine alichukua usiku bila kuomba, na mwisho wake ukawa damu. Wazee wetu wafugaji walikuwa na njia iliyo bora. Mtu humpa jirani yake ng'ombe wa kumtunza. Jirani hunywa maziwa na kupata samadi ya shamba lake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, mpaka wapatane vingine. Hakuna anayeiba na hakuna anayekosa maziwa. Hicho ndicho sheria ya leo hukiita ruhusa au leseni, ingawa mawakili huieleza kwa maneno mengi zaidi.

Mambo yakabadilika mashini ya kupiga chapa ilipoanza kazi huko Ulaya katika karne ya 15. Kazi ya miezi ikawa kazi ya siku. Katika nchi ya Uingereza haki ya kupiga chapa ilikuwa mikononi mwa watawala na wenye mitambo. Mwaka 1557 Malkia Mary alikipa chama cha wapiga chapa wa London hati yake. Mtunzi aliuza maandishi yake mara moja, kisha hakuwa na lake tena. Hata vitabu vya Kanisa letu la Anglikana vimo katika habari hii. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, na Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, hata leo katika Uingereza haki ya kuvipiga chapa yatoka kwa mfalme, na wanaovitoa ni wenye hati zake.

Mwaka 1710 ndipo sheria mpya ilipoanza kazi, sheria iliyopitishwa wakati wa Malkia Anne. Kwa mara ya kwanza ilimtazama mtunzi mwenyewe. Ilimpa haki juu ya kitabu chake kipya kwa miaka 14, na mingine 14 kama angali hai. Angalieni mambo mawili yaliyo ndani yake. Kwanza, mwenye kazi alipwe. Pili, haki hiyo ina mwisho, ili elimu ienee kwa watu. Wauza vitabu wakubwa walitaka haki isiyo na mwisho, lakini mwaka 1774 Baraza la Mabwana la Uingereza likawakatalia. Baadaye mataifa yakapatana kwa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886. Mkataba huo, kama ulivyo sasa, wamlinda mtunzi maisha yake yote, kisha warithi wake kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kufa kwake. Tanzania Bara ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1999, na Zanzibar mwaka 2003.

Mtu aweza kusema: sheria zipo, basi mambo ni salama. La, ndugu zangu. Sikilizeni habari za Solomon Linda.

Alikuwa Mzulu, aliyetoka kijijini akaenda Johannesburg kutafuta kazi. Mwaka 1939 yeye na wenzake waliimba katika studio wimbo alioutunga yeye, uitwao "Mbube", maana yake simba. Sahani zake zilinunuliwa sana. Linda mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa ghala la kampuni ile ile iliyourekodi. Wimbo ukavuka bahari. Waimbaji wa Marekani wakauimba katika miaka ya 1950, wakiwa hawajui vema hata jinsi ya kulitamka jina lake. Mwaka 1961 ukatolewa tena kwa maneno ya Kiingereza, ukaenda dunia nzima, na mwaka 1994 ukasikika katika filamu maarufu ya katuni juu ya mfalme simba. Wengi wenu, hata watoto, mmeusikia. Haki zake zote Linda alikuwa amezitia sahihi kwa shilingi kumi. Akafa mwaka 1962, hana kitu. Kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe la kuonyesha ni la nani.

Binti zake wakaishi katika umaskini mjini Soweto, wakiusikia wimbo wa baba yao redioni. Hatimaye mawakili wakafukua sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini. Sheria ile ilisema kwamba, hata kama mtunzi aliuza haki zake, miaka 25 baada ya kufa kwake haki hizo hurudi kwa warithi. Miaka hiyo ilikuwa imetimia mwaka 1987, na hakuna aliyewaambia. Wakafungua kesi mwaka 2004, na mwaka 2006 pande zote zikapatana: binti zake wakaanza kulipwa, na jina la baba yao likatambuliwa. Miaka 44 tangu kufa kwake! Waliouimba wimbo ule hawakuwa majambazi. Wengi walikuwa watu wema wapendao muziki, na baadhi walidhani ni wimbo wa jadi usio na mwenyewe. Lakini nyumba ya Linda ilikaa na njaa.

Sasa nifike nyumbani.

Yuko katikati yetu mzee mmoja. Ameniomba jina lake lisipigwe chapa katika jarida hili. Alisema, "Liandikeni pale linapostahili, juu ya wimbo." Mzee huyu alifundisha kwaya yetu kwa miaka mingi. Anazo nyimbo zake katika daftari, ameziandika kwa penseli, maneno pamoja na sauti zake. Kuna wimbo mmoja tunaouimba kila Kwaresima, ambao wengi mnaufahamu kwa moyo. Aliutunga juma lile alilomzika mke wake.

Ilikuja kwaya ya wageni siku ya Mavuno. Kiongozi wao aliupenda wimbo ule, akaniuliza kama angeweza kuupata. Nami, kwa furaha ya kumpendeza mgeni, nilikwenda kwenye kabati la sakristia, nikafungua daftari la mzee, nikaupiga picha ukurasa ule kwa simu yangu, nikampelekea papo hapo. Sikumwuliza mzee. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya jalada la daftari. Jalada sikulipiga picha.

Baada ya mwaka mmoja na zaidi, mzee alikuwa katika basi akienda mjini kutibiwa macho. Akausikia wimbo wake. Akadhani anaota. Kijana aliyeketi karibu naye akamwonyesha katika simu: kwaya imevaa sare nzuri, maelfu ya watu wameitazama, na chini pameandikwa jina la mtunzi. Halikuwa jina lake. Kijana akamsomea, kwa kuwa yeye hakuweza kusoma.

Jioni ile alikuja nyumbani kwangu. Hakupaza sauti. Akaniambia, "Padri, mimi sikudai fedha. Lakini ule ndio msiba wangu. Mtu amejiandikia msiba wangu."

Nikamjibu kama wengi wenu mngalivyojibu. Nikasema, "Mzee wangu, sote twaimba kwa utukufu wa Mungu." Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mungu analijua jina langu, Padri. Ninyi ndio mliolisahau."

Usiku ule nililala vibaya. Nilimkumbuka mfalme Ahasuero na kitabu chake. Tena nikakumbuka lililo baya zaidi: Esta alikuwa ndani ya jumba, Mordekai langoni, na mlango ulikuwa ni Esta. Mimi ndimi niliyekuwa mlango, nami nililipitisha neno bila jina.

Ndugu zangu, sharti tulitazame lile jibu nililompa mzee, maana ndilo kimbilio letu sote. Twasema, Injili ni bure. Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wake watoe bure kwa kuwa wamepokea bure. Ni kweli kabisa. Lakini Bwana huyo huyo, alipowatuma wale sabini, alisema kwamba mtenda kazi anastahili kulipwa, nao wale na wanywe katika nyumba watakazofikia. Je, maneno hayo yanapingana? Hayapingani. Amri ya kutoa bure alipewa mwenye kutoa. Hakupewa mwenye kuchukua. Mimi nikitoa shati langu bure, ni sadaka. Nikitoa shati la jirani yangu bure, ni wizi, hata kama nimempa maskini, hata kama nimelitoa madhabahuni.

Mfalme Daudi aliyajua hayo. Alipotaka kumjengea Bwana madhabahu, Arauna Myebusi alimwambia achukue uwanja, na ng'ombe, na kuni, vyote bila malipo. Daudi akakataa. Akanunua kwa shekeli hamsini za fedha, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu wake sadaka isiyomgharimu kitu. Na Arauna alikuwa ametoa kwa hiari! Sisi je, tunaomwimbia Mungu kwa jasho la mtu ambaye hata hatukumwomba?

Wengine watasema tena: siku hizi kuna intaneti, na kila kitu ni cha wote. Hapo nitawapa habari inayofaa kukumbukwa. Ule mtandao wa kurasa tunaoufungua katika simu ulibuniwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha sayansi cha CERN, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 kituo kile kilitangaza kwa maandishi kwamba programu za mtandao huo ni za watu wote na mtu yeyote aweza kuzitumia bila malipo. Ni zawadi kubwa kwa wanadamu. Lakini angalieni: aliyetoa alikuwa mwenye mali, na alitoa kwa maandishi, wazi mbele ya watu. Hali kadhalika, tangu mwaka 2002 zimekuwapo leseni za mfano zilizotengenezwa na shirika la Creative Commons, ambazo mtunzi hutumia kutangaza kwamba kazi yake inakiliwe bure, na mara nyingi sharti lake ni moja tu: jina lake litajwe. Naam, hata wanaotoa bure wanaomba jina. Intaneti imefanya kunakili kuwe rahisi kuliko kupenga kamasi. Haikuifuta amri ya nane.

Wala nisieleweke vibaya, kana kwamba nawataka mminye mikono kama Finnian. Haki ya mtunzi nayo ina mipaka, na ni vema iwe nayo. Kwa miaka mingi ndugu zetu vipofu walikosa vitabu, kwa kuwa kuvigeuza viwe vya maandishi ya nukta au vya kusikiliza kulihitaji ruhusa ya kila mwenye haki. Mwaka 2013, huko Marrakesh nchini Moroko, mataifa yalifanya mkataba wa kuwafungulia mlango huo, nao ukaanza kazi mwaka 2016. Haki isiyo na huruma ingewaacha hao gizani. Nanyi mnajua kwamba hata mzee wetu macho yake yanafifia.

Basi tulifanya nini? Nilikwenda pamoja na mzee mmoja wa kanisa na mwalimu wa kwaya hadi kwa ile kwaya ya wageni. Hatukwenda kwa vita. Kiongozi wao alishtuka. Akasema, "Karatasi uliyonipa, Padri, haikuwa na jina. Tulidhani ni wimbo wa zamani. Walipotuuliza mtunzi ni nani, tukaandika jina la mwalimu wetu." Sikuweza kumlaumu. Wamelisahihisha jina, na mzee amesomewa na mjukuu wake. Juu ya fedha zilizopatikana kwa wimbo huo, mazungumzo yangali yanaendelea, na maandishi yamewekwa. Mzee anasema sehemu yake ikipatikana, kwanza atatengeneza kaburi la mkewe.

Lakini tulipokuwa njiani kurudi, mwalimu wetu wa kwaya aliniuliza neno lililonichoma: "Padri, na vile vitabu vyetu?" Alikuwa na maana ya vitabu vya nyimbo vilivyomo kabatini. Tulinunua kimoja. Vingine vyote ni fotokopi, tumevijalidi wenyewe. Tulikwenda kudai haki kwa jirani huku kabati letu limejaa.

Kwa hiyo Halmashauri ya mtaa imekubali mambo haya, nami nayaleta kwenu:

Kwanza, kila karatasi ya wimbo itakayotolewa katika kanisa letu itaandikwa jina la mtunzi, na jina la mfasiri kama yupo. Msisahau wafasiri. Wimbo wa Mwingereza aliyekufa miaka mia mbili iliyopita waweza kuwa huru kwa Kiingereza, lakini aliyeuleta kwa Kiswahili naye alifanya kazi, na kazi yake yaweza kuwa na mwenyewe hata sasa.

Pili, tutanunua vitabu vya nyimbo, vichache vichache, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa sadaka maalumu. Umoja wa Mama wamekwisha kuanza. Fotokopi zile tutaziondoa kadiri vitabu vinavyoingia. Tutakapotaka kunakili wimbo ulio na mwenyewe, tutaandika barua ya kuomba. Barua haili mtu.

Tatu, watunzi wetu, vijana kwa wazee, waandike majina yao na tarehe katika kila ukurasa, si juu ya jalada peke yake. Mjue kwamba kisheria haki ya mtunzi huanza pale pale anapokwisha kuiandika au kuirekodi kazi yake. Lakini kuiandikisha katika ofisi ya hakimiliki, COSOTA, husaidia sana ushahidi ukitakiwa. Mwalimu wa kwaya atawasaidia. Naye anayetaka wimbo wake uimbwe na kunakiliwa bure na wote, na aandike hivyo chini yake kwa mkono wake. Hiyo itakuwa sadaka yake, wala si yetu ya kumtolea.

Nne, na hili ni letu sisi tunaohubiri: Nabii Yeremia, katika sura ya 23, anatuambia kwamba Mungu yu kinyume cha manabii wanaoibiana maneno. Siku hizi hubiri laweza kupatikana katika simu kabla chai haijapoa. Kusoma mahubiri ya wengine ni vema, nami nitaendelea kusoma. Lakini nitakapochukua mfano au fundisho la mtu, mtanisikia nikisema ni la nani. Nisiposema, wazee wa kanisa wana ruhusa yangu kuniuliza mlangoni.

Wapendwa, twaimba mara nyingi wimbo wetu wa taifa, nao sauti yake ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, aliyeutunga mwaka 1897. Alikufa mwaka 1905, akiwa kijana bado. Mataifa yakaimba sauti yake, nalo kaburi lake halikujulikana lilipo, mpaka lilipotafutwa katika miaka ya 1990 na kuwekewa ukumbusho mwaka 1996. Ni wangapi kati yetu waliosimama wima wakiimba, na jina lake hawajapata kulisikia?

Mungu hasahau. Kwake kuna kitabu ambacho majina hayafutwi kwa uzembe wa padri mwenye simu. Lakini kwa kuwa yeye anayakumbuka, sisi hatuna ruhusa ya kuyasahau. Kwaresima ijayo tutauimba tena wimbo ule. Kabla ya kuanza, mwalimu wa kwaya atalitaja jina la aliyeutunga, kwa sauti, naye akiwa ameketi palepale anapoketi sikuzote, upande wa kushoto karibu na dirisha.

Tuombe:

Ee Mungu, mpaji wa kila ufundi na kila sauti, wewe uliwapa watu wako akili za kutunga na mikono ya kuandika. Utusamehe tulipochukua bila kuomba, na tulipoimba bila kukumbuka. Utupe moyo wa Esta, ili tuseme kwa jina la wenye neno. Na moyo wa Daudi, ili tusikutolee kisichotugharimu. Wafariji wote waliofanya kazi wakasahauliwa, na uwafundishe wenye vingi kutoa kwa furaha. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi ndugu yenu na mtumishi wenu katika Kristo,

Padri wa Mtaa